Baridi yabisi haina baridi: historia ya ugonjwa uliodanganya watu kwa jina

Najua nimepotea sana hapa, lakini si mnajua mambo ya katikati ya muhula, majaribio yanafuatana kama daladala za Ubungo asubuhi, na boom lenyewe lilishaisha zamani. Sasa nimepumua kidogo, nikaona bora niwamegee kitu nilichokuwa nakifanyia kazi.

Kuna kozi moja ya historia ya tiba tunasoma mwaka huu. Kila mtu aliambiwa achague ugonjwa mmoja aandike historia yake. Wenzangu wakagombania malaria, ndui na Ukimwi. Mimi nikasema nachukua baridi yabisi. Darasa zima kicheko! Jamaa mmoja wa nyuma akauliza, "Huo si ugonjwa wa mabibi wa kijijini?" Basi bwana, nikaona huyo ndiye msomaji wangu. Kama naweza kumfanya huyo asicheke, kazi yangu imekwisha.

Nianze na jina, maana mimi ni mtu wa historia na majina ndiyo nyaraka zetu za kwanza. Baridi tunaijua. Yabisi ni neno lililotoka Kiarabu, maana yake kavu, kitu kilichokauka kikawa kigumu. Kwa hiyo baridi yabisi ni "baridi kavu". Hilo si jina la kubahatisha. Limetoka kwenye tiba ya Kiyunani, ambayo madaktari wa Kiarabu na Kiajemi kama Ibn Sina waliipanga vizuri, na ikafika pwani yetu pamoja na vitabu, majahazi na walimu. Tiba hiyo ilisema mwili una maji manne: damu, belghamu, nyongo ya njano na nyongo nyeusi. Kila moja lina tabia yake, la moto au baridi, bichi au kavu. Nyongo nyeusi ni baridi na kavu. Ikizidi, mtu anakakamaa. Kumbe kila tukisema baridi yabisi tunatoa hukumu ya daktari wa miaka elfu moja iliyopita bila kujua.

Msije mkadhani Wazungu walikuwa wajanja zaidi. Neno lao la rumatizimu limetoka kwenye neno la Kiyunani lenye maana ya mtiririko, yaani maji mabaya yanatiririka kutoka kichwani yanashukia kwenye viungo. Jongo, ambalo hospitalini tunaliita gauti, limepata jina lake la Ulaya kutoka neno la Kilatini lenye maana ya tone. Tone la maji mabaya limedondokea kwenye kidole gumba cha mguu. Mfaransa Guillaume de Baillou ndiye aliyejaribu kulifanya neno rumatizimu liwe la magonjwa ya viungo, katika kitabu kilichotoka mwaka 1642, yeye mwenyewe akiwa ameshafariki. Lakini dhana ilikuwa ile ile: maji, baridi, mtiririko.

Sasa cha ajabu ni hiki. Chukua mgonjwa mwenye kiungo kilichovimba, weka mkono wako juu yake. Ni cha MOTO. Celsus, Mrumi wa karne ya kwanza, alishaandika dalili nne za kiungo kilichowaka: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Moto umeandikwa pale miaka karibu elfu mbili, na sisi bado tunasema baridi. Hapo ndipo insha yangu ilipopata kichwa. Nilitaka kujua iliwachukua watu muda gani kuuona moto huo, na walichelewa kwa sababu gani.

TASNIFU YA MWANAFUNZI

Mtu wa kwanza anayetajwa sana ni mwanafunzi mwenzetu. Anaitwa Augustin Jacob Landré-Beauvais, alikuwa hajafika hata miaka 30, na mwaka 1800 aliandika tasnifu yake ya udaktari mjini Paris. Alikuwa anafanya kazi hospitali ya Salpêtrière, ambayo wakati huo ilikuwa mahali pa kuwaweka wanawake maskini, wazee na waliotupwa na jamii. Madaktari wakubwa walihangaika na jongo, kwa sababu jongo lilikuwa ugonjwa wa wakubwa, watu wa nyama na mvinyo, na wenye hela ya kumlipa daktari.

Huyu kijana akaona kitu kingine. Aliwaangalia wagonjwa tisa. Wengi walikuwa wanawake, hawakuwa na nyama wala mvinyo, na ugonjwa wao haukukamata kidole gumba cha mguu ukaondoka kama jongo linavyofanya. Ulikamata viungo vingi, ukakaa miaka, ukawapindisha. Akasema hii si jongo la kawaida. Akaliita jongo la wadhaifu. Jina lenyewe halikuwa sahihi maana si jongo kabisa, lakini jicho lake lilikuwa sahihi. Ugonjwa huu mpaka leo huwapata wanawake mara mbili hadi tatu zaidi ya wanaume.

Niliposoma hapo nilisimama kidogo. Wagonjwa hao walikuwepo miaka yote. Walichokosa ni mtu wa kukaa nao akawatazama.

Baada yake akaja Mwingereza Alfred Baring Garrod. Mwaka 1848 alionyesha kuwa damu ya mwenye jongo ina asidi ya yuriki nyingi, na kwa mwenye ule ugonjwa mwingine sivyo. Kwa mara ya kwanza magonjwa haya mawili yakatenganishwa kwa kipimo, si kwa macho tu. Mwaka 1859 akaupa ule mwingine jina ambalo madaktari wanalitumia mpaka leo: athraitisi ya rumatoidi. Lakini hebu angalia, hata hapo neno la mtiririko limebakia ndani! Jina jipya, mzigo ule ule.

MENO YALIYONG'OLEWA BURE

Mwishoni mwa karne ya 19 vijidudu vikagunduliwa, na kila ugonjwa ukatafutiwa kijidudu chake. Hapo ndipo ikaja nadharia ya maambukizi yaliyojificha. Mtu aliyeipigia debe sana Marekani alikuwa Frank Billings wa Chicago. Alisema usaha uliojificha kwenye jino au kwenye tonsili unarusha vijidudu mpaka kwenye magoti na vidole. Dawa ikawa nini? Ng'oa meno. Kata tonsili. Watu wakang'olewa meno yote mdomoni, mazima na mabovu, wakarudi nyumbani na viungo vyao vile vile vimevimba, tena sasa hawawezi kutafuna.

Russell Cecil wa New York alikuwa mmoja wa walioamini habari ya vijidudu. Lakini mwaka 1938, yeye na mwenzake Angevine walikaa chini wakachambua wagonjwa 200. Hawakuona faida ya kuwang'oa watu meno, na wakaandika hivyo hadharani. Kwa kweli mimi huyu Cecil namheshimu. Kugeuka mbele ya watu ukiwa umeshakuwa profesa si jambo dogo, sisi hapa mtu akishatoa hoja kwenye semina anaifia.

Lakini historia haiendi kwa mstari ulionyooka, na hii ndiyo sehemu iliyonifurahisha kuliko zote. Mfaransa Jacques Forestier aliamini ugonjwa huu una undugu na kifua kikuu. Robert Koch alishaona kwamba madini ya dhahabu yanazuia vimelea vya kifua kikuu maabara. Basi Forestier, kuanzia mwaka 1929, akawachoma wagonjwa wa viungo sindano za dhahabu. Dhana ilikuwa potofu, kifua kikuu hakihusiki. Lakini baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, na sindano za dhahabu zikatumika kwa miongo mingi. Kule Sweden daktari Nanna Svartz naye aliunganisha dawa ya maumivu na dawa ya kuua bakteria akidhani ugonjwa unatokana na bakteria. Dawa ile, salfasalazini, inatumika mpaka leo. Bakteria aliyemlenga hakupatikana.

Na wazazi wetu waliokula klorokwini kwa ajili ya malaria mpaka Tanzania ilipoiacha kuwa dawa ya kwanza mwaka 2001, wakajikuna usiku kucha, wajue kwamba ndugu yake, haidroksiklorokwini, inawasaidia wagonjwa wa viungo tangu katikati ya karne ya 20. Inatuliza kinga ya mwili.

Hapo neno limetoka. Kinga ya mwili.

ASKARI ANAMKAMATA ASKARI

Mnorwei Erik Waaler alikuwa anafanya kipimo cha maabara kwa kutumia chembe nyekundu za damu ya kondoo. Akaona kwamba damu ya mgonjwa fulani inazifanya zile chembe zigandamane kwa namna isiyotarajiwa. Mgonjwa alikuwa na athraitisi ya rumatoidi. Akachapisha mwaka 1940, mwaka huo huo Wajerumani wakaivamia nchi yake, na dunia ikawa na mambo mengine. Mwaka 1948 Harry Rose na wenzake kule New York wakakutana na kitu kile kile. Kipimo kikaitwa Waaler-Rose.

Mwaka 1957 ikaeleweka kitu chenyewe ni nini, na hapa naomba mkae vizuri. Mwili wako unatengeneza kingamwili, yaani askari wa kukamata wadudu wanaoingia. Kitu alichokiona Waaler ni kingamwili inayokamata kingamwili nyingine. Askari anamkamata askari! Adui aliyetafutwa kwenye baridi, kwenye meno na kwenye kifua kikuu alikuwa amevaa sare ya nyumbani.

Tuwe waangalifu lakini. Rafiki yangu anayesoma udaktari Muhimbili alinisisitizia niliandike hili: kipimo hicho kinaweza kuonyesha chanya kwa mtu mwenye kifua kikuu, homa ya ini au malaria ya mara kwa mara, na kinaweza kuonyesha hasi kwa mtu mgonjwa kabisa. Kwa hiyo kikaratasi cha maabara peke yake hakitoshi kumhukumu mtu.

MAMA WA MIAKA 29

Sasa twende Rochester, jimbo la Minnesota, Mayo Clinic. Mwaka 1929 Philip Hench alimpata mgonjwa, naye ni daktari, aliyemwambia kwamba alipopata ugonjwa wa manjano maumivu ya viungo yaliondoka. Hench hakumpuuza. Akaanza kukusanya visa kama hivyo. Akaona pia wanawake wengi wanapata nafuu wakiwa wajawazito. Akawaza: kama ugonjwa unaweza kuondoka wenyewe hata kwa muda, basi si viungo vilivyochakaa. Kuna kitu mwilini kinaweza kuuzima. Akakiita kitu X.

Ilimchukua karibu miaka 20. Mwenzake Edward Kendall alikuwa anachambua homoni za tezi zilizo juu ya figo. Kampuni ya Merck ikafanikiwa kuitengeneza mojawapo kutokana na nyongo ya ng'ombe. Tarehe 21 Septemba 1948 mwanamke wa miaka 29, aliyekuwa hawezi kujigeuza kitandani vizuri, alichomwa sindano ya kwanza. Ndani ya siku chache aliinuka akatembea, na baada ya wiki akatoka kwenda madukani. Homoni hiyo ni kotisoni. Mwaka 1950 Hench, Kendall na Tadeus Reichstein wa Uswisi wakapewa Nobel.

Magazeti yakatangaza muujiza. Lakini muujiza ulikuja na deni. Kwa dozi kubwa na muda mrefu uso unavimba, mifupa inalika, sukari inapanda, vidonda vya tumbo, maambukizi. Na ukiiacha, ugonjwa unarudi. Hench mwenyewe hakusema ameponya. Kilichobaki ni somo kubwa: moto huu unazimika. Vidole vikishapinda havinyooki, lakini kabla havijapinda kuna muda wa kuwahi.

Na kuna dawa moja iliyofunikwa na kelele hizo. Mwaka 1951, daktari Gubner na wenzake New York walijaribu dawa ya saratani, ndugu wa methotreksati, kwa wagonjwa wa viungo, wakaona nafuu. Watu wote walikuwa wanatazama kotisoni, kwa hiyo hawakusikilizwa sana. Majaribio makubwa yalikuja kutoka mwaka 1985, na mwaka 1988 Marekani ikaiidhinisha kwa ugonjwa huu. Leo hiyo methotreksati, dozi ndogo MARA MOJA KWA WIKI (narudia, kwa wiki, kuna watu wamekufa kwa kuinywa kila siku) ndiyo dawa ya kwanza duniani kote, tena si ya bei mbaya. Miaka zaidi ya 30 kati ya 1951 na 1985 imepotea hivi hivi. Nikifikiria ni wangapi walipinda vidole katika miaka hiyo, nanyamaza.

NDANI YA KIUNGO KUNA NINI?

Ngoja niwape picha kabla hatujaenda London, maana bila hii hamtaona ukubwa wa kilichofuata.

Kiungo kimefungwa kwenye kifuko. Ndani ya kifuko kuna utando mwembamba sana, unene wa seli moja mpaka tatu tu, unaotoa ute wa kulainisha. Ncha za mifupa zimefunikwa na gegedu, ile nyeupe laini mnayoitafuna kwenye supu ya kongoro.

Kwa mgonjwa, mambo yanaanza mbali na kiungo, miaka kabla. Protini za mwili zinabadilishwa kidogo kwa kemia, tofali moja linaloitwa ajinini linageuzwa kuwa sitrulini. Hilo hutokea kwa watu wote. Lakini kwa mtu aliyerithi jeni fulani za kinga, askari wanaitazama ile protini iliyobadilika wanasema "huyu si wetu", wanaanza kutengeneza kingamwili dhidi yake. Watafiti wa Sweden walipofungua damu zilizohifadhiwa kwenye benki ya damu, wakachapisha mwaka 2003, walizikuta kingamwili hizo kwa watu ambao vidole vyao viliuma miaka baadaye. Utafiti mwingine wa huko huko, mwaka 2006, ulionyesha kwamba sigara inaongeza hatari hiyo kwa wenye jeni hizo, pengine mapafu ndipo ugomvi unapoanzia. Na siku hizi wapo wanaochunguza tena ugonjwa wa fizi. Billings angefurahi, ingawa meno ya watu hayarudi.

Baadaye, kwa sababu ambayo sayansi bado inaitafuta, ugomvi unahamia kwenye kiungo. Mishipa mipya ya damu inaota, seli nyeupe zinaingia kwa wingi, zinarushiana ujumbe wa kemikali unaoitwa saitokini. Ule utando wa seli tatu unanenepa, unafikia hata seli kumi, unatambaa juu ya gegedu kama kitambaa huku ukiimung'unya. Pembeni kuna seli ambazo kazi yake ya halali ni kula mfupa wa zamani ili mpya ujengwe. Zinapewa amri ya kula bila kusimama. Hivyo ndivyo kidole kinavyopinda. Hakuna baridi hapo wala ukavu, kiungo kina moto na kimejaa maji.

FIONULA BRENNAN NA SWALI LA LONDON

Tatizo la miaka ya 1980 lilikuwa kwamba saitokini zilikutwa nyingi mno kwenye kiungo. Wengi wakasema ukizuia moja, nyingine zitaendelea tu. Ni kama kumkamata mpiga kelele mmoja kwenye hosteli siku ya mpira.

Kule London, Marc Feldmann na Ravinder Maini walikuwa wanalifanyia kazi swali hili. Mwanasayansi Fionula Brennan alichukua seli kutoka viungo vya wagonjwa akazifuga kwenye sahani za maabara. Kisha akazuia saitokini moja tu, iitwayo TNF. Matokeo yalichapishwa mwaka 1989: TNF ilipozimwa, na nyingine iitwayo IL-1 ikanyamaza. Yaani zilikuwa zimepangwa kwa ngazi, na TNF ilikuwa juu. Kumbe kwenye hosteli yule mmoja alikuwa kapteni wa kelele. Mwaka 1991 kundi la George Kollias likatengeneza panya wenye TNF ya binadamu iliyopita kiasi, na panya wale wakapata ugonjwa wa viungo.

Na jina la TNF nalo lilikuwa linapotosha! Lilitolewa New York mwaka 1975 kwa sababu kemikali hiyo iliua uvimbe wa saratani kwa panya. Miaka mingi watu waliitafuta kama dawa. Ilibidi mtu aulize kama inaweza kuwa ndiyo ugonjwa.

Mwaka 1992, hospitali ya Charing Cross, wagonjwa 20 ambao dawa nyingine zilishindwa walipewa kingamwili iliyotengenezwa maabara ya kukamata TNF. Walipata nafuu haraka. Mwaka 1994 likatoka jaribio la wagonjwa 73, wengine dawa, wengine maji matupu bila wao kujua. Baada ya wiki nne, waliopata dozi kubwa 19 kati ya 24 walikuwa na nafuu inayopimika. Waliopata maji matupu, 2 kati ya 24. Wadau, kwenye tiba tofauti kama hiyo hutokea mara chache sana.

Lakini TNF haikuwekwa mwilini kwa bahati mbaya. Moja ya kazi zake ni kuwafungia vimelea vya kifua kikuu waliolala kwenye mapafu. Ukiizuia, mlango unafunguka. Mwaka 2001 iliripotiwa visa 70 vya kifua kikuu kwa waliopewa dawa hiyo. Ndiyo maana kabla ya kuipata ni lazima upimwe kwanza. Kwa nchi kama zetu ambako vimelea hao wamelala kwenye vifua vya wengi, hili si jambo la maandishi madogo chini ya karatasi.

Brennan alifariki mwaka 2012. Tuzo kubwa walipata wakuu wake wawili, na walistahili. Lakini kwenye insha yangu nimempa kichwa cha sehemu, maana wanafunzi tukitaja historia hii tunataja wawili tu.

NA HUKU KWETU?

Mwaka 1968 Brian Greenwood, akiwa Ibadan, Nigeria, aliandika kwamba magonjwa ya kinga kujishambulia ni nadra pale, akadhani pengine malaria na minyoo vinaishughulisha kinga isipate muda wa kuasi. Hoja nzuri, na bado inajadiliwa. Lakini "nadra" ikija kwenye masikio ya mtu wa zahanati inageuka "haupo". Na Afrika upo. Christiaan Barnard, Msauzi aliyepandikiza moyo wa kwanza wa binadamu mwaka 1967, alikuwa nao kwenye mikono ile ile. Uligunduliwa mapema, mwaka 1956, akafanya kazi hadi mwaka 1983 ulipomstaafisha.

Shangazi yangu hakuwa na bahati hiyo. Anatoka Makete, na Makete mnaijua, asubuhi unatoa moshi mdomoni. Vidole vilipoanza kuvimba kila mtu alisema ni baridi ya huku. Akashonewa soksi za mikono. Akapakwa mafuta ya kila aina. Kuna mahali alichomwa sindano za maumivu kila alipokwenda, bila kuulizwa imeanza lini. Mwishowe akahamishiwa Tanga kwa mwanawe, "akapate joto". Joto la Tanga mnalijua. Vidole vikaendelea kuvimba kwenye joto hilo hilo! Mwaka wa nne ndipo daktari mmoja kijana alimshika mikono yote miwili, akauliza kama asubuhi inakakamaa zaidi ya nusu saa, akampima. Leo anakunywa dawa yake kila Jumapili na anapika mwenyewe. Lakini vidole vitatu vya kulia havikunyooka, na kusuka ukili ameacha.

Shangazi hakukosa dawa kwa sababu ya sayansi. Methotreksati ilikuwepo kabla hata mimi sijazaliwa. Alipoteza miaka minne kwa neno moja, baridi. Neno lile lilishatoa jibu, kwa hiyo hakuna aliyeuliza swali. Landré-Beauvais aliuliza, Hench aliuliza, Brennan aliuliza, na yule daktari kijana wa Tanga naye nimemwingiza kwenye orodha yangu, japo mhadhiri anaweza kuniambia hana nyaraka.

Sisemi tulifute neno. Lugha si yangu peke yangu, na baridi yabisi limekaa pwani hii muda mrefu kuliko chuo chetu. Ila tukilisema tujue linaeleza walivyofikiri wazee, halielezi kilichomo ndani ya kidole. Kama mama yako, dada yako, au wewe mwenyewe (ndiyo, hata mwenye miaka 22 unampata) vidole au vifundo vya mikono yote miwili vimevimba, asubuhi vinakakamaa muda mrefu, na wiki sita zimefika, usinunue sweta. Nenda hospitali, muulize daktari kwa jina: je, inaweza kuwa athraitisi ya rumatoidi? Miezi ya mwanzo ndiyo yenye thamani.

Insha niliiwasilisha Alhamisi. Yule jamaa wa nyuma hakucheka. Alinifuata nje akaniuliza ni wiki sita kuanzia lini, maana mama yake yuko Singida na vidole vinamsumbua tangu Pasaka. Tukahesabu pamoja, tukapata zaidi ya wiki kumi. Akampigia simu pale pale kwenye ngazi.

Haya wadau, naishia hapa, kuna foleni ya chakula na leo ni siku ya wali. Tuonane.